Msumari wa Nchi Nne

Boti ya Umoja wa Wakulima ilifika Kitangari kutoka Mtwara juu ya lori la fuso mwezi wa kumi na moja, wakati ambapo mji mzima ulikuwa unanunua maji kwa ndoo. Waliishusha uani kwa Mzee Nikolao, mwenyekiti wa Umoja, wakaiegemeza juu ya matofali kati ya banda la mbuzi na mahali pa kuanikia korosho. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo kichwani walisimama kuitazama. Mmoja aliuliza kama lile tundu la nyuma ndiko maji yatakakotokea.

Wanachama wa Umoja wanaishi juu huku, lakini mashamba yao ya mpunga yako chini bondeni, kwenye kisiwa cha mto Ruvuma, na kila msimu huvuka kwa mitumbwi. Msimu uliopita mtumbwi mmoja ulipinduka na magunia yakaenda na maji. Watu waliokolewa, mmoja wao mama yangu, ambaye hajui kuogelea na alishikilia gunia mpaka wakamvuta. Baada ya hapo wakakubaliana kununua boti ya injini. Mama akachaguliwa pamoja na wenzake wa kwaya ya kanisa kuwa abiria wa kwanza siku ya uzinduzi, wavuke wakiimba. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo.

Kazi ya umeme wa boti walimpa Fundi Abrahamu wa Lisekese, pale Masasi. Mimi, Witness, ni mfanyakazi wake, tangu nilipoacha shule darasa la tano. Fundi Abrahamu, au Baba Nancy kama tunavyomwita, anasifika kwa umeme wa magari kote huku, kuanzia malori ya korosho mpaka pikipiki. Boti alikuwa hajawahi kuigusa. Mzee Nikolao alipompigia simu alijibu kwamba boti ni gari lisilo na matairi, na tukaondoka asubuhi yake.

Sasa, kwenye gari waya huwa mmoja tu. Umeme hutoka kwenye betri, ukaenda kwenye taa, kisha ukarudi kwa kupitia bodi, kwa kuwa bodi ni chuma. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Fundi alifunga kila kitu kwa waya mmoja mmoja, akakaza bolti za ethi kwenye ubavu wa boti, akawasha swichi. Hakuna kilichowaka. Akakwangua rangi akafunga upya. Akahamisha bolti mbele, akazihamisha nyuma. Boti ilikuwa ya plastiki ngumu, haina chuma hata cha kutengenezea sindano. Ilipofika saa saba mchana alikuwa ameitoboa matundu kumi na moja, bahati nzuri yote juu karibu na ukingo, maji yasikofika.

"Boti hii haina ethi," alimwambia Mzee Nikolao kwa sauti ya chini, kama anayempa pole.

"Ilikuwa nayo Mtwara?" Mzee Nikolao akauliza.

"Labda ilibaki baharini," alidakia Bwana Muharami.

Bwana Muharami ndiye dereva wa fuso iliyoleta boti. Ni Myao wa Masasi, kwa hiyo kwa Wamakonde wa Kitangari ni mtani, anasema chochote mbele ya yeyote na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Alikuwa ameshamaliza kazi yake tangu jana, lakini alikuwa hajaondoka kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hajawahi kuona watu wanaonunua kiatu kabla mguu haujaota.

"Nyamaza, Myao," akasema Mzee Nikolao. "Babu yako alipanda huku akikimbia njaa."

"Alikuja kuwafundisha kupika."

Fundi alinitazama. Mara nyingi akikwama hunitazama, halafu nikisema jambo huangalia pembeni mpaka nimalize, kisha hulisema yeye. Nikasema kidogokidogo kwamba huenda tukapitisha nyaya mbili kila mahali, wa kwenda na wa kurudi. Akaangalia pembeni. Halafu akamgeukia Mzee Nikolao.

"Boti lazima iwe na nyaya mbili mbili," akasema. "Magari ndiyo yanatumia mmoja."

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu, kwa sababu chumba cha injini cha boti ile ni chembamba na tumbo la Fundi si jembamba. Alijaribu mara moja akanasa, tukamvuta na Bwana Muharami. Nikaingia mimi. Yeye alikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa akitoa maelekezo, na mimi nilifanya nilivyojua.

Nilivyojua nilijifunza kwenye nyaya zilizoungua. Miaka mitatu ya kwanza pale karakana kazi yangu ilikuwa kuzichuna ili shaba yake iuzwe. Waya ulioungua una maelezo yake. Pale moto ulipoanzia shaba huwa nyeusi na hukatika kama kijiti kikavu, na kadiri unavyoondoka hapo inarudi kuwa nyekundu na kupinda. Nimechuna nyaya za magari mengi, na karibu zote moto ulianzia mahali pamoja, kati ya betri na fyuzi ya kwanza, kwenye kipande ambacho hakina mlinzi. Watu hudhani fyuzi inalinda taa au redio. Inalinda waya. Waya ukibanwa au ukichunika, betri humwaga nguvu yake yote pale kwa mara moja, na kama hakuna fyuzi ya kukata, waya wenyewe ndio unaokuwa kuni.

Waya mnene unaotoka kwenye oltaneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme, kwenda kwenye betri una ubaya wa ziada, kwa kuwa una nguvu pande zote mbili. Betri inasukuma kutoka kule, oltaneta inasukuma kutoka huku. Kwa hiyo niliweka fyuzi mbili za bapa, zile zinazofungwa kwa bolti, moja shubiri moja kutoka kwenye betri na ya pili shubiri moja kutoka kwenye oltaneta. Nyaya nikazivika mpira wa bomba, nikazifunga ubavuni kila baada ya kiganja zisicheze. Betri ilikaa mbele na injini nyuma, hivyo nyaya mbili zilipita chini ya benchi la katikati. Spika kubwa na taa za rangi, ambazo kamati ilizitaka kuliko hata injini, zilichukua umeme katikati ya waya ule.

Nilipotoka nilimkuta seremala ameshafunga benchi. Lilikuwa limepigwa vanishi, na miguu yake ilikuwa vyuma vilivyokazwa kwa bolti kwenye sakafu. Lilipendeza.

Injini ya boti hupozwa na maji ya mto yanayopita ndani yake na kutoka. Kuijaribu uani kulihitaji mapipa mawili. Mzee Nikolao akatangaza kila mwanachama alete ndoo mbili. Walileta. Mama alileta zake kutoka kisimani, mwendo wa saa nzima, na nilimwona akisita kabla ya kumimina. Watu wa mji ule wasio wanachama walikaa kwenye ukuta kutazama maji yakiingia kwenye injini upande mmoja na kumwagika mchangani upande wa pili. Mbuzi waliyanywa.

Injini iliwaka. Spika ikapiga wimbo. Kamati ikapanda kwenye boti kupigwa picha, wazee sita, wakaketi kwenye benchi la vanishi na kushika magoti. Mara ile walipoketi spika ikanyamaza.

Nilijua kabla sijaingia. Fyuzi zote mbili zilikuwa zimekatika. Nikatoka nazo mkononi nikamwonyesha Fundi.

"Zimekatika walipokaa," nikamwambia. "Huenda chuma cha benchi kinabana nyaya zote mbili."

Fundi hakuwa na nafasi ya kuangalia pembeni, maana wazee walikuwa wamemzunguka.

"Fundi, tumeleta fyuzi au tumeleta umeme?" Mzee Nikolao aliuliza.

"Fyuzi ni nyepesi," Fundi akasema. "Nitaweka nzito."

"Tungefungua benchi," nikasema, lakini nadhani nilisema chini, kwa sababu Mzee Nikolao alijibu kana kwamba ni Fundi aliyesema.

"Benchi halifunguliwi. Vanishi haijakauka na mgeni rasmi atalikalia. Na maji yamekwisha, hatuwezi kujaribu tena. Wewe weka kitu kisichokatika."

Fundi alikwenda kwa seremala akarudi na msumari wa nchi nne. Akauweka juu ya jiwe, akaukata kwa patasi vipande viwili, akavigonga vikawa bapa. Hivi ndivyo wanavyofanya mafundi wengi wa kwetu. Mteja ambaye fyuzi yake inakatika kila wiki humhama fundi, na ambaye fyuzi yake haikatiki humsifu, mpaka siku gari linapoungua, na siku hiyo husemwa ni wivu wa jirani.

Akanipa vile vipande viwili. Yeye asingeweza kuingia.

Niliingia nikavifunga. Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilivifunga na nikavikaza vizuri.

Wiki nzima Lisekese sikulala sawasawa. Siku ya pili nilijikaza wakati Fundi anakunywa chai.

"Baba Nancy, zile fyuzi hazikukosea."

"Nani kasema zimekosea? Zimesumbua tu."

"Akina mama wakikaa, waya utabanwa. Na dumu la dizeli linakaa chini ya benchi lilelile."

"Witness," akasema, bila ukali, "mimi nimeweka misumari kwenye magari tangu hujazaliwa. Yaliyoungua unayahesabu wewe kwa sababu ndiyo yanaletwa uyachune. Ambayo hayakuungua huyaoni."

Lilikuwa neno la akili kwa namna yake. Nikampigia mama simu nikamwomba asipande safari ya kwanza.

"Nisipande?" akasema. "Ndoo mbili zangu ziliingia mle."

"Panda ya pili, mama."

"Na wimbo aanzishe nani? Isabela? Isabela anaanzia juu kama mbuzi, kwaya nzima inashindwa kumfuata. Mwanangu, kama una hofu ya maji ni yako. Mimi maji nilishayanywa msimu uliopita, tunajuana."

Nilimwambia kuhusu msumari. Akauliza kama Fundi Abrahamu anajua. Nikasema ndiye aliyeuweka. "Basi," akasema, "kama fundi mwenyewe anajua," na salio likaisha.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi, tuliteremka bondeni na fuso ya Bwana Muharami ikiwa imebeba boti, sisi tukiifuata kwa gari jingine. Pale kivukoni mto una kina mwaka mzima. Mchungaji aliomba, shehe akaomba, mgeni rasmi akakabidhiwa jogoo mwekundu wa Mzee Nikolao kama zawadi. Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye maji, imepambwa kwa makuti na maputo. Akina mama wa kwaya walivaa sare zao za buluu. Mama alikuwa mbele, ameshika kitabu cha nyimbo ambacho hakitazami.

Nilikuwa na fyuzi nne kwenye pindo la kanga. Nilizitoa karakana bila kuuliza. Lakini nilidhani lililo sahihi ni kusema, watu wazima wajue waamue. Shida ni kwamba kila nilipomsogelea Mzee Nikolao niligeuka nikarudi. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja pale ambaye hakuna asiloweza kulisema.

Bwana Muharami alikuwa amekaa kivulini mwa fuso yake akila karanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umesimama kama kuku aliyenyeshewa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kutafuna.

"Umemwambia Fundi wako?"

"Yeye ndiye aliyenipa."

"Na Mzee Nikolao?"

"Naona haya."

"Mimi huoni haya kuniambia?"

"Wewe unaweza kusema chochote, baba."

Alifikiri. "Hilo ni kweli," akasema. Akapangusa mikono, akaenda mpaka mbele ya meza ya wageni, akaomba kusalimia. Hawakuweza kumnyima.

"Ndugu zangu Wamakonde," akasema kwenye kipaza sauti, "nimekuja kuwaaga. Hii si boti, ni jiko. Mle ndani hakuna fyuzi. Mna msumari wa nchi nne uliokatwa vipande viwili kama muhogo. Waya umebanwa na benchi. Akina mama hawa wakikaa tu, utashika moto chini yao, na dizeli ipo hapohapo. Fungueni benchi mtazame. Nasema kweli tupu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Akina mama wa kwaya walipiga vigelegele. Mama yangu alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Myao akishiba karanga za watu anatapika unabii," akasema Mzee Nikolao, na kicheko kikaanza upya.

"Fungueni benchi," Bwana Muharami akarudia. "Sitanii."

Hapo ndipo walipocheka zaidi, maana ndivyo kila mtani anavyosema. Mgeni rasmi mwenyewe alipiga makofi. Fundi Abrahamu alicheka kuliko wote, huku macho yake yakinitafuta.

Bwana Muharami akarudi kwangu akajiegemeza kwenye gurudumu.

"Nimesema," akaniambia.

"Hawakuamini."

"Mwanangu, toka nizaliwe sijawahi kuaminiwa na Mmakonde. Nikiwaambia kumekucha wanawasha taa." Akatazama boti. "Yule mgeni ana kurasa ngapi?"

Nilizihesabu kwa mbali. Mgeni rasmi alikuwa amesimama na karatasi tano za hotuba.

Tukateremka pamoja mpaka majini. Yeye akasimama kwenye pua ya boti, ameshika kamba, akijifanya anaitazama. Mimi nikapanda. Aliyeniona alidhani fundi amenituma. Nilichomoa betri kwanza, kwa sababu spana ikigusa pasipofaa hukuunguza mkono kabla hujaelewa. Nikafungua bolti za mbele, nikatoa kipande cha kwanza cha msumari, nikaweka fyuzi. Nikapita chini ya sitaha kwa kutambaa mpaka kwenye oltaneta, nikafanya vilevile. Mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye umuhimu wa kilimo. Benchi sikuweza kulifungua, lilihitaji spana kubwa na watu wawili, na lilikuwa mbele ya macho ya wote.

Nilijua nilichokifanya hakikuondoa hitilafu. Waya ulikuwa bado umebanwa, wangekaa na fyuzi zingekatika. Nilijua pia kwamba fyuzi zikikatika wakati oltaneta inazunguka, oltaneta inaweza kuunguza dayodi zake, vile vidude vya ndani vinavyougeuza umeme, kwa kuwa inakosa ghafla pa kupeleka umeme. Ningekuwa nimeharibu oltaneta ya Umoja. Nikarudisha betri, nikatoka na vile vipande mfukoni.

Akina mama wakapanda. Walijipanga wanane mbele ya benchi la vanishi, wamesimama ili waimbe, mama katikati, na mgeni rasmi akasimama mbele yao na kipaza sauti ili amalizie hotuba akiwa majini. Injini ikawaka. Mama akaanzisha wimbo. Mimi nilikuwa ukingoni, nimeshika mti ambao sikumbuki ulikuwa mti gani.

Wimbo ulipoisha mgeni rasmi akainua mkono, na akina mama wakaanza kuketi. Boti ilikuwa katikati ya mto.

"Ndugu wananchi," spika ikasema, "maendeleo ni kama—"

Ikanyamaza. Taa za rangi zikazimika. Hatukujua maendeleo ni kama nini.

Nilitazama chini ya benchi. Nilitazama kwa nguvu kana kwamba ningeweza kuona kwa umbali ule. Hakukuwa na moshi. Injini ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme, ikaendelea kunguruma, na boti ikaendelea kwenda. Mgeni rasmi alionekana akipunga mikono na kufungua mdomo. Kisha sauti ya mama ikasikika, nyembamba, bila spika, ikaanzisha wimbo mwingine, na wenzake wakaudaka. Wakafika kisiwani. Wakashuka mmoja mmoja na sare zao zote.

Boti iliporudi na mgeni rasmi, Mzee Nikolao alikuwa ameshaanza kumtafuta Fundi kwa macho. Fundi alikuwa amekwenda nyuma ya fuso. Lakini kabla hajapatikana mzee mmoja wa kamati akasema, "Ni Myao huyu. Si alisema? Nilimwona amesimama puani mwa boti wakati wa hotuba."

Nyuso zote zikalainika kwa mara moja. Mtani akichukua kitu chako haitwi mwizi, na akikuharibia shughuli haitwi mharibifu. Unakikomboa kwa kumpa anachotaka, basi.

"Muharami," akasema Mzee Nikolao, akijaribu kutotabasamu. "Umeuficha wapi umeme wetu?"

Bwana Muharami alinitazama. Nikatikisa kichwa, sijui kwa maana gani. Akageuka.

"Jogoo," akasema.

"Jogoo gani?"

"Mwekundu. Aliyepewa mgeni."

Mgeni rasmi, ambaye hotuba yake ilikuwa imebaki ukurasa mmoja, alimtoa jogoo haraka kuliko ilivyotarajiwa. Nikasogea karibu na Bwana Muharami nikamwambia neno moja, benchi.

"Na benchi lifunguliwe," akasema. "Nataka kuona kama matako ya mwenyekiti yameacha alama."

Walicheka, wakaenda kulifungua. Lile ambalo sikuweza kulipata kwa kuomba sasa lilikuwa sehemu ya fidia, na fidia haina mjadala. Vijana wanne walilegeza bolti wakaliinua.

Chuma cha mguu kilikuwa kimeupasua mpira wa bomba na kuzikandamiza nyaya zote mbili. Pale palipogusana palikuwa peusi, urefu wa kucha mbili. Baada ya hapo shaba ilikuwa nyekundu na laini, pande zote. Kidole kimoja kutoka pale palikuwa na dumu la dizeli.

Wazee waliinama wakatazama. Nilidhani sasa wataelewa.

"Myao," akasema Mzee Nikolao kwa huzuni kidogo, "mpaka waya wetu umeuchoma?"

"Ilibidi," akajibu Bwana Muharami, akimpapasa jogoo shingoni.

Nilikata kipande kile nikaunga upya, nikazipitisha nyaya ubavuni mbali na miguu ya benchi, nikafunga fyuzi mbili zilizobaki. Oltaneta ilikuwa imeunguza dayodi, nilisikia mara moja ilivyokuwa inalia, lakini betri ilikuwa na umeme wa kutosha kwa siku ile. Nilipoinuka nilimkuta Fundi amesimama kando ya boti, peke yake. Alikuwa ameokota kile kipande cheusi cha waya na alikuwa anakikunja taratibu kati ya vidole. Kilikatika kama kijiti kikavu.

"Msumari wangu uko wapi?" akaniuliza.

"Ninao."

"Ulete."

"Siuleti, Baba Nancy."

Sikuwahi kumwambia neno la namna hiyo, na nilisikia sauti yangu kana kwamba ni ya msichana mwingine aliyesimama nyuma yangu. Fundi alitazama mto, akatazama kisiwa ambako akina mama walikuwa wamekaa kwenye mchanga wakisubiri kurudishwa, na sare zao zilionekana vizuri kutoka pale. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko anavyokaa akiangalia pembeni. Kisha akakitumbukiza kile kipande cha waya mfukoni mwake, akapaza sauti.

"Mzee Nikolao, mambo tayari. Msumari nilimwambia binti autoe. Boti si gari, bwana. Boti haitaki msumari."

"Ndiyo maana tulikuchagua wewe," akasema Mzee Nikolao.

Boti ikaenda kuwachukua. Safari hii spika ilipiga njia nzima. Mama alishuka akiwa amekunja sketi, viatu mkononi, amelowa mpaka magotini na amekasirika, kwa sababu spika ilikuwa imezimika kwenye wimbo wake na ikarudi kwenye wimbo wa Isabela. Alinieleza jambo hilo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nilimsikiliza neno kwa neno, akalirudia tena na nikalisikiliza tena. Akasita, akanitazama usoni.

"Unalia nini? Spika si imerudi?" akasema. "Umemshukuru Fundi wako?"

Nilisema bado.

"Nenda ukamshukuru. Mtoto gani wewe."

Nikaenda pale alipokuwa Baba Nancy, amezungukwa na kamati na soda mkononi, nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, nikamshukuru.

"Haya," akasema, akaangalia pembeni.